Ng'ombe wa Kumkomboa Mwanangu

Bosi aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa kontena tulilolifanya ofisi, mkono mmoja una simu, mwingine una kikombe cha chai. Alisema kuna nafasi makao makuu Dar es Salaam, mshahara karibu mara mbili ya ule niliokuwa nikipata Isaka, na nimpe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuketi. Alipomaliza alirudi kwenye simu yake, na wenzangu wawili waliokuwa wakipanga nyaraka wakaniambia hongera, kama vile jambo limeshakwisha.

Kazi yangu ilikuwa mizigo inayopita. Kontena za Rwanda na Burundi hushushwa kwenye treni pale bandari kavu, kisha hupakiwa kwenye malori kuelekea magharibi, na kila moja lazima liwe na karatasi zake zote. Lori halitoki getini mpaka mimi niseme liko sawa. Madereva walinizoea na waliniogopa kidogo, na mimi niliipenda kazi ile kwa sababu ilinipa haki ya kusema hapana kwa mwanaume mwenye lori la matairi kumi na nane.

Sikuwa na haraka ya kwenda Dar. Watu wanaotoka huko wakija Isaka hushangaa tunavyoishi kwenye vumbi, lakini mimi nilikuwa na vyumba viwili na ua, na kodi yake ilikuwa kitu cha kulipa bila kuhema sana. Jirani yangu, mama mmoja Msumbwa mwenye kigenge cha nyanya, alimpokea binti yangu kila mchana akitoka shule, akampa uji, akamkalisha naye mpaka nirudi. Hakutaka malipo. Nikijaribu kumlipa alinuna siku mbili.

Nilimpigia mwenzetu aliyehamishiwa Dar mwaka uliotangulia ili aniambie ukweli. Aliniambia. Dalali anataka pesa ya kukuonyesha nyumba hata kama nyumba yenyewe ina maji sakafuni, kisha ukiipata anataka kodi ya mwezi mzima iwe yake kwa kazi ya kutembea na wewe mtaa mmoja. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Shule nzuri ina gari, na gari lina bei yake. Mtoto akitoka shule lazima umlipe mtu akae naye, na huyo mtu humjui. Akasema mshahara ni mkubwa, ndiyo, lakini ukishalipia vyote hivyo utajikuta pale pale ulipokuwa, ila umechoka zaidi. Halafu akacheka na kuniambia nije tu, nitazoea. Nilikasirika mpaka nikakata simu bila kuaga. Nilikasirishwa na hesabu yenyewe, kwamba mtu apandishwe mshahara ili akaukabidhi kwa madalali.

Lakini nilikuwa nimefika mwisho pale Isaka. Juu yangu hakukuwa na cheo kingine, na nisingeukataa uhamisho nikategemea kukumbukwa tena. Kwa hiyo nikapanga, kwa utulivu kabisa, jinsi mtu mwenye akili anavyotakiwa kupanga. Ningekwenda peke yangu mwaka wa kwanza, nipange chumba kimoja, niweke akiba, na binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, akae kwa wazazi wangu. Kwetu ni kijiji kilicho nje kidogo ya Tinde. Shule iko karibu, maziwa yapo, bibi yake yupo. Mwaka ukiisha ningemfuata.

Nilimpigia baba kumweleza. Hakuuliza hata swali moja. Alisema, "Mlete, mayu. Hapa ndipo kwao." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba hutuita hivyo sisi mabinti zake akiwa na moyo mweupe. Nilisikia raha. Nililala usingizi mzuri, nikaamka nikamwambia bosi kwamba jibu langu linaelekea kuwa ndiyo.

Hapa lazima nieleze habari ya baba wa mtoto, ingawa naichukia. Tulikutana nikiwa nimemaliza chuo na yeye akiwa mchimbaji wa dhahabu huko Kharumwa. Nilipompa habari ya mimba alisema si yake, mbele ya dada yake na mbele yangu, huku anakula. Sikumfuata tena. Baba yangu alituma wazee wawili kuuliza kama watu wake watalipa ng'ombe, wakarudishwa na maneno ya dharau. Basi mambo yakaishia hapo. Kwetu Wasukuma mtoto huenda ng'ombe walikotoka. Ng'ombe wakilipwa, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Wasipolipwa, mtoto ni wa zizi la babu yake mzaa mama, anatumia jina la babu, na akiwa wa kike, mahari yake siku moja italipwa kwa babu huyo huyo. Na baba aliyekataa akibadili mawazo baadaye, anaweza kuja na ng'ombe akamkomboa.

Miaka yote ile desturi hiyo ilinisaidia. Sikuombwa ruhusa na mwanaume yeyote kuhusu mtoto wangu. Alitumia jina la baba yangu shuleni na kliniki, na nilikuwa naona fahari. Nilijua kukomboa kupo, kama mtu anavyojua kwamba radi ipo. Yule mwanaume hakuwahi kutuma hata daftari.

Jumapili iliyofuata nikampakia binti yangu na begi lake la nguo, tukaenda Tinde, kisha bodaboda hadi nyumbani. Nilitaka azoee kabla sijaondoka. Tulipofika, mtoto alikimbilia kwa bibi yake jikoni, na mimi nikapita zizini, kama nifanyavyo kila nikienda, kuangalia nani kazaa. Nawajua ng'ombe wa baba. Nimewachunga. Ndani ya zizi mlikuwa na ng'ombe sita ambao sikuwahi kuwaona, madume mawili na majike manne, wana alama ya moto mapajani ambayo si yetu.

Nikadhani baba ameuza pamba au amekopa. Nikamfuata alipokuwa, kivulini pembeni ya ghala, anachonga mpini wa jembe. Nikamsalimu, akaitika marahaba, nikauliza ng'ombe ni wa nani.

Alinijibu bila kuficha, na hilo lazima nilikiri kwa faida yake. Alisema watu wa Kharumwa walikuja Alhamisi na mshenga. Duara la yule bwana, shimo lake la kuchimbia, limetema. Amepata dhahabu, amejenga nyumba ya bati jipya, sasa anamtaka mtoto wake. Wameleta ng'ombe sita wa kumkomboa, na Jumamosi inayokuja wangekuja wazee wao kula na wazee wetu, jambo liishe, wamchukue.

Nilimuuliza wamchukue nani.

"Mayu, wewe unakwenda Dar," alisema. "Ulimleta uje umwache. Mimi ni mzee. Huko kwa baba yake atapata ukoo wake, na shamba lake. Na mdogo wako anataka kuoa."

Mdogo wangu, wa kiume, alikuwa ameegemea mlango wa nyumba yake akichezea simu. Msichana wake alishapatikana, kwao ni upande wa Shinyanga mjini, na ukoo wa msichana ulikuwa umetaja ng'ombe ambao baba hakuwa nao. Sasa walikuwapo, wamekuja wenyewe kwa miguu yao. Nilimwangalia mdogo wangu, akaangalia simu.

Sijui kama kuna lugha yenye maneno ya kutosha kwa hasira niliyoipata pale. Nilimwambia baba kwamba mtu yule alimkataa mtoto akiwa tumboni huku anatafuna nyama. Nilimwambia kwamba mtu haanzi kumpenda mtoto wa miaka saba kwa sababu ameokota dhahabu. Ameona binti, na binti akikua analeta ng'ombe wengi kuliko sita. Yule bwana anawekeza, na yeye, baba yangu, anamuuzia. Baba aliendelea kuchonga mpini. Akasema yeye hauzi, anafuata mambo yalivyo, na kama ningekuwa nataka kumlea mwanangu nisingekuwa nimepanga kumwacha.

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na aliyelisema hakuwa na haki ya kulisema. Nilipokuwa Isaka, na mtoto analala chumbani kwangu, hakuna aliyempigia hesabu. Siku nilipotamka Dar es Salaam, akawa kitu kilichoachwa, na kitu kilichoachwa kila mtu huwa na haja nacho. Habari zilitoka kinywani mwangu, zikapita sokoni Tinde, zikafika Kharumwa kabla hata sijanunua sanduku.

Najua kuna atakayeniambia kuna sheria. Ipo, naijua, na ofisi ya ustawi wa jamii naijua mlango wake. Ningekwenda ningesikilizwa, na nadhani ningeshinda. Ningepewa karatasi. Halafu ningepanda basi kwenda Dar nikiwa na karatasi mkobani, na mtoto angebaki kwenye nyumba ya mzee aliyekwishakula na wazee wa Kharumwa. Nimefanya kazi na karatasi miaka mingi, na nimeona kontena zenye karatasi safi kabisa zikipotea.

Nikaenda jikoni kwa mama. Alikuwa anakoroga ugali, binti yangu amekaa karibu naye anamenya karanga. Nilimwambia mtoto atoke akacheze. Nikamuuliza mama kwa nini hakunipigia simu tangu Alhamisi. Alisema simu anayo baba. Kisha akageuza ugali, akaufunika.

Mama ana mtoto mwingine kabla yetu. Hii haikuwa siri, sote tunajua tuna kaka Kahama. Alimzaa akiwa msichana, mwaka mmoja hivi baadaye baba wa yule mtoto akaleta ng'ombe, babu yetu akawapokea, na kwa ng'ombe hao hao mjomba wetu akaoa. Kaka huyo nilimwona mara moja tu, mtu mzima, alipokuja kwenye msiba wa bibi. Alipita mstari mzima wa wanawake waliokaa kwenye mikeka akisalimu shikamoo, shikamoo, na alipofika kwa mama akasema shikamoo na kusonga kwa mwanamke aliyefuata. Alikuwa hamjui kwa sura. Mtu akamvuta shati kumwonyesha, akarudi, akampa mkono. Mama alimwitikia marahaba, baba. Siku ile niliona ni jambo la kuchekesha kidogo, tena niliwasimulia watu.

Mama alisema, "Nilimnyonyesha mwaka na miezi. Hakuna aliyeniuliza." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alipakua ugali.

Nilikula, nikanawa, nikamchukua mtoto na begi lake tukarudi Isaka jioni ile ile. Baba alidhani nimekwenda kupoa. Mdogo wangu alitusindikiza hadi kwenye bodaboda, akaniambia kwamba hata yeye hapendi, ila afanyeje. Nilimwambia afanye kazi.

Watu husema usiamue jambo ukiwa na hasira. Mimi nilipokuwa nimetulia, nimekunywa chai, nimepiga hesabu zangu vizuri, niliamua kumwacha mwanangu. Hasira ndiyo iliyonifikirisha vizuri. Jumatatu asubuhi nilikuwa najua cha kufanya, na kilikuwa kitu ninachokifanya kila siku: mzigo ulioletwa pasipo idhini ya anayehusika hurudishwa kwa aliyeutuma.

Nilimtafuta dereva mmoja wa fuso, Msukuma wa Misungwi, anayebeba ng'ombe kwenda Mwanza siku za mnada. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema hajawahi kupeleka aibu kwa lori, lakini kwangu ataipeleka. Kisha nikaenda kwa afisa mifugo, kwa sababu ng'ombe hawasafiri bila kibali na sikutaka wakamatwe kizuizini wakarudishwa kwa baba. Afisa aliniuliza mwenye ng'ombe ni nani. Nikamtajia jina la yule bwana wa Kharumwa, kwa kuwa wazee walikuwa hawajala, na mpaka wazee wakae wale chakula, ng'ombe ni wa aliyewaleta. Hata desturi ilisema hivyo. Akampigia yule mshenga, mshenga akathibitisha kwamba ndiyo, ng'ombe ni wa bwana fulani, wako Tinde. Hakuuliza wanaulizwa kwa ajili gani. Kibali kikaandikwa.

Pesa ya fuso niliitoa kwenye ile niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya Dar. Iliniuma, na niliitoa.

Jumatano mchana tukaingia nyumbani. Dereva alirudisha gari kinyumenyume hadi kwenye kichuguu kilicho karibu na zizi, bodi la gari likalingana na mgongo wa kichuguu, ndivyo wanavyopakia kwetu mahali pasipo na ngazi. Baba alitoka. Mdogo wangu alitoka, akaenda kusimama mbele ya lango la zizi, mikono kifuani. Majirani wawili waliokuwa wanapita wakasimama kana kwamba wamekumbuka kitu.

Nilimwonyesha baba kibali. Nilimwambia ng'ombe hawa ni wa mtu mwingine na wanarudi kwa mtu huyo. Akasema hakuna ng'ombe atakayetoka zizini kwake kwa neno la mwanamke, na kwamba Dar es Salaam imeshaniharibu kabla sijafika. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nayakumbuka yote, na ningeyarudia.

Tulikuwa tumefikia mahali ambapo hakuna wa kurudi nyuma. Dereva alizima gari, akawasha sigara, akageuka upande wa pili kwa heshima. Ndipo mama akatoka jikoni. Alipita katikati yetu akiwa anafuta mikono kwenye khanga, akamwambia mdogo wangu kwa sauti ya kawaida asogee, na mdogo wangu, ambaye hajawahi kumsikia mama akimwamuru tangu abalehe, akasogea. Mama akaanza kuvuta miti ya lango. Ni miti mizito, kwa kawaida huvutwa na wanaume. Aliuvuta wa kwanza akauweka chini, akauvuta wa pili.

Baba akauliza anafungua zizi la nani. Mama aliuvuta na wa mwisho, akaingia ndani kati ya ng'ombe, akaanza kuwatenga wale sita kwa fimbo ndogo ya kuni aliyotoka nayo jikoni.

Tuliwapakia mimi, mama na dereva. Dume moja lilinikanyaga mguu, ukucha ulitoka wiki iliyofuata. Baba alikaa kivulini pake muda wote ule. Gari lilipoanza kuondoka aliniita, nikaenda, nikasimama mbele yake. Alisema nimewarudishia watu ng'ombe wao kwa niaba yake bila yeye kunituma, nimemvua nguo mbele ya majirani. Akasema mtoto yule asilale tena kwenye nyumba yake mpaka ijulikane ni wa nani. Nilimwambia sawa. Nikapanda mbele kwenye fuso, nikashuka Isaka, na ng'ombe wakaendelea.

Yule bwana alinipigia usiku huo. Fuso lilikuwa limepita katikati ya Kharumwa na ng'ombe wake juu, wanaume wote wa karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, wakaacha kazi kutazama. Alisema nimemdhalilisha. Alisema damu ni damu. Nilimuuliza mtoto anaitwa nani. Alilitaja jina la babu yake tu, jina la baba yangu, alilolisikia kwa mshenga. Jina la kwanza hakulijua. Nikakata. Hajapiga tena.

Sasa jibu la bosi. Ningeweza kubaki Isaka, na watu walionipenda walinishauri hivyo. Lakini Isaka ni mwendo mfupi kutoka Tinde, na baba yangu bado alikuwa na mwana wa kuozesha na mjukuu asiyelipiwa ng'ombe. Yule wa Kharumwa akichoka kuaibika, au duara likitema tena, angeweza kuwatuma wazee upya, na mimi ningekuwa kazini nikihesabu kontena za watu. Nilichoka kuwa karibu. Nikamwambia bosi ninakwenda, na ninakwenda na mtoto. Akasema hilo ni juu yangu, kampuni hulipia nauli ya mtu mmoja.

Tunaishi Mbagala. Chumba ni kimoja, pazia limekigawanya, na kila alichonitabiria mwenzangu kimetimia, hata dalali mwenyewe ni yule yule. Maji tunanunua kwa ndoo. Namlipa mwanamke wa nyumba ya pili akae na binti yangu mchana, mwanamke mzuri, lakini saa za kazi nampigia simu mara nyingi kuliko ninavyopaswa. Mshahara ni karibu mara mbili na mwisho wa mwezi mfuko uko kama ulivyokuwa Isaka. Wenzangu ofisini wananiuliza kama nimezoea. Jirani yangu Msumbwa hunitumia karanga kwa mabasi, na kila furushi likifika nakaa kitandani nalia kwa hasira, kwa sababu kule nilikuwa na mtu wa kumlea mwanangu bila hata senti na nimefukuzwa kule na watu wangu mwenyewe.

Baba alikaa kimya miezi. Kisha siku moja mchana, nikiwa bandarini kwenye foleni ya forodha, namba yake ikaita. Alisalimu vizuri. Akaniambia mvua zimechelewa, mama mzima, ng'ombe mwenye baka kazaa. Akaja kwenye jambo lenyewe. Ukoo wa yule msichana hausubiri tena, mdogo wangu atamkosa, ng'ombe hawajatimia, na mimi niko Dar, nina mshahara. Alitaja upungufu. Walikuwa sita.

Sikukasirika pale pale, na hilo lilinishangaza. Nilitoka kwenye foleni nikasimama kwenye kivuli cha kontena.

"Nitawatoa," nilimwambia. "Lakini si wa mahari ya mdogo wangu. Ni wa kumkomboa mwanangu."

"Mama hakomboi mtoto, mayu. Haijawahi."

"Basi sina ng'ombe."

Nilimsikia anapumua. Nyuma yake kulikuwa na ndama analia. Nilimweleza ninachotaka, neno kwa neno: wazee wetu wale wale wakae, wale chakula, na yeye aseme mbele yao kwamba mtoto huyu ametolewa ng'ombe na mama yake, asidaiwe tena na zizi lolote, si la Kharumwa wala la kwake, na siku akiolewa mahari yake ipokelewe na mimi, au isipokelewe kabisa kama yeye mwenyewe hataki. Nikamwambia akishindwa kusema hivyo, asipige tena simu hii.

Akasema, "Lete."

Niliwalipa kwa mafungu, kwa simu, kwa miezi. Chochote nilichoweza kubana katika nyongeza iliyonileta mji huu, shilingi kwa shilingi, kiliishia kwenye zizi la baba yangu. Wazee walikaa. Mama alinisimulia kwamba mmoja aliuliza ng'ombe wameletwa na nani, baba akasema na mama wa mtoto, mzee akauliza tena, baba akarudia, nao wakala chakula. Binti yangu akienda likizo sasa analala ndani, analetewa maziwa ya kwanza, na babu yake anamwita mayu.

Mdogo wangu ameoa. Watu wa kwetu wanamsifu baba kwamba ni mzee mwelewa, wa kisasa, aliyempa binti yake heshima ambayo haikuwahi kutolewa. Nilimbeba mtoto yule tumboni peke yangu, nikamzaa peke yangu, nikamlea peke yangu, kisha nikamnunua kwa baba yangu mzazi, na ninatakiwa nishukuru. Sishukuru.